Mbwa wa Kisumu Wapewe Siku Yao

Katika tarehe ya maradhi ya nchi yetu imeandikwa kwamba mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa na kichaa alipatikana mwaka 1912 katika viunga vya Nairobi, na kwamba binadamu wa kwanza kuingia katika daftari la waliouawa na maradhi hayo alikuwa mwanamke wa bonde hili la Ziwa Viktoria, mwaka 1928. Karibu karne nzima imepita tangu mauti yale, na kilichomwua mwanamke yule kingali kinapita katika vichochoro vya Nyalenda na Obunga, kingali kinakatiza mashamba ya miwa ya Kibos na majaruba ya mpunga ya Ahero, na kingali kinateremka hadi fukwe za Siaya bila ya kuulizwa kiendako. Serikali ilipotoa mpango wake wa mwaka 2014 wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, ikazitaja Kisumu na Siaya, pamoja na Makueni, Machakos na Kitui, kuwa kaunti tano za kuanzia kazi, niliona kwamba deni la zamani limeanza kukumbukwa.

Rai yangu ni nyepesi kutamkwa, ijapokuwa najua itachekwa na wengi kabla ya kufikiriwa na wachache: kwamba tarehe 28 Septemba, ambayo ulimwengu umeifanya kuwa siku ya kukumbushana hatari ya kichaa cha mbwa, Kisumu iifanye sherehe hasa, sherehe ya mbwa na wenyewe, yenye ngoma na zawadi na chakula, na ambayo ada yake ya kiingilio ni chanjo. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa mwaka 2007, nayo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule mtaalamu wa Ufaransa ambaye mwezi wa Julai 1885 alimdunga chanjo yake Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akasalimika. Hapa kwetu siku hiyo ikifika hupita kama zipitavyo siku nyingi za jinsi yake: kitambaa chenye maandishi hutundikwa baina ya miti miwili, wakubwa huketi kivulini, hotuba husomwa, mbwa waliofikishwa uwanjani huchanjwa, na jua likikaza kila mtu hurudi kwake. Siidharau kazi hiyo. Lakini ni siku ya maofisa. Mwenye mbwa huitwa kuja kutii, haitwi kuja kufurahi, na baina ya wito wa namna moja na wa namna nyingine ipo tofauti kubwa katika nyoyo za watu.

Yafaa kwanza tumtazame mbwa mwenyewe wa kandokando ya ziwa hili. Ukifika Dunga alfajiri, wakati mashua zinaporudi na wanawake wenye mabeseni wakishindania omena, utawaona mbwa wameketi kwa mpango ambao hakuna aliyeupanga, wakongwe mbele na vijana nyuma, wakingoja matumbo ya mbuta yatupwe. Na samaki wakiisha kupasuliwa, na mgongo wazi ukaingia katika mafuta ya moto, mbwa nao huinuka mmoja mmoja na kila mmoja akashika njia yake. Mgeni hudhani viumbe hawa hawana bwana. Hasha! Yule mwekundu mwenye sikio lililokatika huitwa Simba, na boma lake liko juu kidogo ya barabara. Yule mweusi ni wa fundi wa mashua. Na yule jike mwenye matiti yaliyoning'inia ana watoto chini ya ghala la ajuza mmoja, naye hakosi matanga hata moja katika kata nzima, maana penye matanga pana mifupa. Wachunguzi waliohesabu mbwa katika vijiji na miji ya Afrika Mashariki wamekuta jambo hilohilo mara kwa mara, kwamba walio wengi sana katika hao tuwaonao wakizurura wana makwao, isipokuwa hawafungwi, na riziki yao ni ukoko wa ugali na chochote wanachojitafutia.

Usiku mbwa huyo ana mwenyewe. Akibweka, bwana wake huamka, hushika rungu na tochi, na kesho yake humsifu mbele ya majirani kwamba lau si yeye, mbuzi wangalichukuliwa. Lakini siku atakapomwuma mtoto wa jirani, na mzee wa mtaa akaja kuuliza, mbwa yule huwa hana mtu duniani: alikuja tu mwenyewe, alizoea mabaki ya jirani, alifuatana na wapita njia. Tena kukana kwenyewe kuna akili ndani yake, kwa kuwa anayekiri hudaiwa gharama za hospitali, huenda akapelekwa mahakamani, na huenda mbwa wake akauawa mbele ya macho ya wanawe. Tumeweka adhabu mahali pa kukiri, wala hatukuweka faida yoyote, kisha twastaajabu kwamba watu hawakiri. Hapo ndipo penye kiini cha shauri langu, na yote mengine nitakayoyasema ni matawi yake: kichaa cha mbwa hakitatoka katika pwani hii ya ziwa mpaka mwenye mbwa aone fahari kusimama hadharani na kusema, huyu ni wangu.

Gharama ya ukimya wa wenyewe hulipwa na watoto. Kirusi cha maradhi haya hukaa katika mate ya mnyama; akiuma, huingia jerahani, hushika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole kuelekea ubongoni, safari ambayo aghalabu huchukua wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, na mara chache huzidi mwaka. Muda huo ndio rehema pekee iliyoachwa katika msiba huu, kwa sababu jeraha likioshwa papo hapo kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, na aliyeumwa akapewa sindano zake kwa ratiba bila ya kuruka hata moja, maradhi huzuiwa yasitokee. Dalili zikiisha kuanza, mgonjwa akawa anayaogopa maji yaleyale anayoyatamani, na koo lake likikaza kila kikombe kinaposogezwa, hakuna tabibu wa Kisumu wala wa London awezaye kumrudisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa hivyo kila mwaka, takriban wote katika Asia na Afrika, na kwamba yapata wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Na kwa Kenya peke yake makadirio yanayotumiwa ni vifo 2,000 hivi kwa mwaka. Mtoto yumo hatarini zaidi kwa sababu ya kimo chake: mbwa humfikia usoni na shingoni, na kutoka hapo hadi ubongoni njia ni fupi.

Na yote hayo huzuilika kwa sindano moja ya mbwa kwa mwaka. Bei ya kumtibu mtu mmoja aliyeumwa, ukijumlisha sindano zake zote na nauli ya kwenda na kurudi hospitali kwa siku zilizopangwa, ingetosha kuchanja kundi zima la mbwa wa kijiji. Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mwaka baada ya mwaka, maradhi hukosa pa kupitia na hatimaye huzimika. Nchi za Amerika ya Kilatini zilishika njia hiyo kwa umoja tangu mwaka 1983, na mwaka 2019 Mexico ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa kuwa imekomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Ni nchi yenye vitongoji vya maskini kama Manyatta na Obunga, na mbwa wasiofungwa kama wetu.

Dawa iliyozoeleka katika miji yetu tangu enzi za ukoloni ni nyingine: sumu ndani ya kipande cha nyama, au bunduki. Sina haja ya kumlilia mbwa ili kuipinga, ingawa aliyemwona mbwa akifa kwa sumu kando ya barabara hatasahau upesi. Naipinga kwa hesabu. Mbwa aliyeuawa huacha nafasi, chakula alichokuwa akila hubaki pale pale, na nafasi hiyo hujazwa na mwingine kutoka kitongoji cha pili ambaye hakuna ajuaye kama amechanjwa. Na katika wanaouawa wamo waliokwisha chanjwa, kwa maana sumu haisomi cheti. Fauka ya hayo, mtu aliyesikia kwamba kaunti inaua mbwa hatamleta wake uwanjani wiki ijayo atakaposikia kwamba kaunti inachanja. Atamficha. Kwa mkono mmoja tunawaita watu, na kwa mkono wa pili tunawafukuza.

Nimepata kusimama katika uwanja wa shule ya msingi huko Seme asubuhi ya chanjo, nikatazama foleni. Walioleta mbwa karibu wote walikuwa watoto. Mmoja amefunga shingo ya mbwa wake kwa kipande cha wavu wa kuvulia, wa pili kwa kamba ya katani, wa tatu, ambaye mbwa wake hakupata kuvaa kamba tangu kuzaliwa kwake, alikuwa amemkumbatia kifuani kama mzigo wa kuni huku miguu minne ikipiga hewa. Wawili walipoonana wakashikana meno, kamba zikasokotana, na watoto wakakimbilia pande zote, wengine bila mbwa wao. Mtumishi wa mifugo alikuwa hodari. Alimshika kila mnyama ngozi ya shingo, akatumbukiza sindano kabla mwenyewe hajajua, mwenziwe akampaka rangi ya buluu kipajini, na wa tatu akaandika cheti. Jina la mbwa? Simba. Jina la mbwa? Simba. Jina la mbwa? Tiger. Jina la mwenye mbwa? Na hapo mtoto akasita, akatazama chini, kisha akataja jina lake yeye mwenyewe. Daftari lile lilipojaa lilikuwa na orodha nzuri ya wanafunzi wa shule ya msingi. Baba zao walikuwa barabarani kwenye bodaboda, mama zao sokoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewekwa katika maandishi kuwa ana mbwa.

Kijana mmoja alileta watoto wa mbwa ndani ya karai, akaambiwa awarudishe kwa kuwa hawajatimiza miezi mitatu. Desturi hiyo ingali inafuatwa mahali pengi, na ni desturi ya hasara, kwa sababu imekwisha thibitika kwamba watoto wa mbwa nao hupokea chanjo hii vyema, na shauri la wakubwa wa tiba ni kwamba kila mbwa afikishwaye achanjwe, mkubwa kwa mdogo. Mbwa wetu hawaishi sana. Wanaozaliwa baada ya siku ya chanjo, na wale waliorudishwa ndani ya makarai, ndio wanaoishusha hesabu ya 70 hata mwaka haujafika nusu.

Sasa itazame sherehe. Sherehe humleta baba. Mwanamume asiyejongea uwanja wa chanjo kwa wito wa naibu chifu atakwenda uwanjani mwenyewe, tena amevaa shati safi, iwapo kuna uwezekano kwamba mbwa wake atatajwa kwa jina katika kipaza sauti mbele ya majirani. Nani asiyewajua watu wa ziwa hili kwa kupenda kutajwa? Mtu aliyepeleka fahali wake kwenye maonyesho ya kilimo ya Mamboleo akarudi na utepe huuning'iniza ukutani mpaka upauke. Na majirani zetu wa Kakamega, huko Khayega na Ikolomani, huamka usiku na kusindikiza mafahali wa kupigana kwa pembe na nyimbo, na jina la fahali aliyeshinda hujulikana kuliko jina la mbunge. Sitaki mbwa wapiganishwe, Mungu apishe mbali. Nataka nguvu ileile ya fahari igeuzwe itumike kwa siha.

Najua litakalosemwa na wengi, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Kweli Nairobi pana maonyesho ya mbwa katika uwanja wa Jamhuri, yanayosimamiwa na East Africa Kennel Club, ambako mbwa wa nasaba za Ulaya hutembezwa kwa kamba mbele ya mwamuzi na kupimwa kimo, meno na mwendo. Ni burudani halali ya watu wake, na sina ugomvi nayo, lakini siyo ninayoiombea Kisumu. Mfano wangu uko karibu zaidi na uko katika Uswahili wenyewe. Huko Lamu, ambako njia ni nyembamba na mizigo hubebwa na punda, shirika la Donkey Sanctuary lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987, na mbali ya kutibu vidonda na minyoo bure likaanzisha mashindano ya kila mwaka ya punda aliyetunzwa vyema, ambamo wenye punda huwaleta wanyama wao wakaguliwe mbele ya halaiki, na mwenye punda mnene, asiye na jeraha mgongoni, hupewa zawadi. Hakuna mtu wa Lamu anayeona kwamba amekuwa Mzungu kwa ajili hiyo. Na tukitazama mashariki zaidi, huko Nepal, katika siku za Tihar, ipo siku moja mahususi ya mbwa, ambapo kila mbwa, awe wa tajiri au wa njiani, huvishwa shada la maua, hupakwa rangi nyekundu kipajini na kulishwa chakula kizuri. Na watu wale hawakuyachukua hayo kutoka Ulaya.

Lipo neno la pili, nalo lastahili jibu la adabu zaidi, kwa kuwa linatoka katika dini. Waislamu wa Kisumu, ambao kwa desturi ya Afrika Mashariki aghalabu ni wa madhehebu ya Imamu Shafii, humhesabu mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokilamba hakitohariki ila kwa kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sijaona katika hukumu hiyo jambo lolote la kuipinga sherehe, maana twahara ni habari ya maji na udongo, na ukatili ni habari nyingine kabisa. Sharia yenyewe imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Kurani katika Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Na katika Hadithi za Bukhari imo habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga wa unyevu kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na kama hoja haitoshi, upo ushahidi wa Pemba, kisiwa ambacho wakazi wake takriban wote ni Waislamu: mbwa walichanjwa huko mwaka baada ya mwaka mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016 baada ya chanjo kulegea, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikawa kimetoweka mara ya pili. Ikiwa Pemba imeweza bila ya kuvunja udhu wa mtu, hapana shaka kwamba Kisumu pia itaweza. Na uwanja uwe mbali na misikiti, na mwenye kutaka kuja na asimame upande ambao upepo na mate ya mbwa havimfikii. Kwa upande wa makanisa, tangazo lililosomwa na wazee wa Nomiya au Legio Maria Jumapili mbili kabla ya siku yenyewe litafika mahali ambapo redio haifiki.

Namna ya kuifanya ni jambo ambalo wengine watalijua kuliko mimi, lakini nina machache ambayo ningeyashikilia. Sherehe isiwe moja ya jiji zima. Mbwa aliyeishi aushi yake yote Nyakach au Muhoroni hawezi kupakiwa katika matatu kuja Kisumu, na umati wa mbwa wengi wasiojuana ni balaa. Kaunti ina kata 35, na kila kata iwe na uwanja wake, alfajiri, kabla ya jua, pawe na kivuli na maji. Katika siku chache za kutangulia wachanjaji wapite bomani kuwafuata mbwa wakali na wale wasiofungika, na kwa mbwa wa namna hiyo cheti peke yake kihudhurie sherehe kwa niaba yake. Jina litakaloandikwa katika cheti liwe la mtu mzima wa boma. Na zawadi zisiangalie nasaba hata chembe. Mbwa wa Milimani aliyenunuliwa kwa maelfu na kulishwa nyama ya kopo asipate nafasi ya kumshinda mbwa wa Nyalenda, ng'ambo ya barabara, kwa sababu tu ya masikio yake. Ashinde yule mwenye vyeti vingi vya mfululizo, na mbwa mkongwe kuliko wote katika kata, ambaye ukongwe wake ni ushahidi kwamba yuko mtu aliyemtunza, apewe kiti cha heshima, na bwana wake apewe gunia la unga au taa ya jua, vitu ambavyo jirani akiviona atauliza vilikotoka.

Ningependa pia liwepo shindano moja la watoto. Aitwe mtoto mmoja mbele, apewe kipande cha sabuni na mtungi wa maji, aambiwe aoshe mguu uliochorwa jeraha kwa rangi, na wapigaji wa ohangla waanze kupiga na wasinyamaze mpaka zitimie dakika 15 kamili. Watu wamesikia mara nyingi kwamba jeraha la mbwa huoshwa kwa dakika 15, lakini hawajapata kukaa ndani ya muda huo wakauona urefu wake. Wengi humwaga vikombe viwili vya maji, wakapaka mafuta ya taa au pilipili, wakafunga kitambaa, wakadhani wamemaliza. Ngoma ikipigwa mpaka wachezaji wahemewe, na yule mtoto angali anaosha, hawatasahau.

Wanasiasa watakuja, hilo halizuiliki. Waruhusiwe kusema mbwa wao anaitwa nani na alichanjwa lini, kisha waketi.

Yako mambo mawili yanayotajwa kuwa vizuizi, nami naona kwamba moja limekwisha punguka na jingine limo mikononi mwetu. La kwanza ni barafu. Zamani ilidhaniwa kwamba chanjo ya mbwa ikitoka katika jokofu imekufa, lakini wachunguzi waliofanya kazi Tanzania walipima mojawapo ya chanjo zitumikazo sana wakaona kwamba ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita katika joto la digrii 25. Na katika Mkoa wa Mara, ng'ambo ya mpaka kwenye ziwa hilihili, wakatumia vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, wakawakabidhi watu wa vijijini kazi ya kuchanja mwaka mzima bila ya kungoja gari kutoka mjini. Watu wa Nyanza wanaojua mtungi unavyopoza maji hawahitaji kufundishwa jambo hilo mara mbili.

La pili ni fedha, tena si wingi wake bali wakati wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na kila anayefuatilia mambo ya kaunti zetu anajua kwamba miezi mitatu ya mwanzo huwa mikavu, mgawo kutoka Nairobi huchelewa, na idara hukopa hata mafuta ya magari. Tarehe 28 Septemba huangukia ndani ya ukame huo, na ndiyo maana kila mwaka kitambaa cha maandishi hupatikana na dawa huwa chache. Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa wadi wa Kisumu na wa Siaya, kila mmoja kwa jina la kata yake, waitie chanjo ya mbwa katika bajeti ya mwaka unaotangulia, wahakikishe imenunuliwa na kuwekwa ghalani kabla ya tarehe 30 Juni, na waitangaze idadi ya dozi zilizoko kwa kila kata hadharani, ili wenye mbwa wajue mapema ni nani wa kumwuliza endapo asubuhi ya sherehe itafika na sindano zikawa hazipo.